Taa na Mkono wa Mbali

Labda wewe msomaji umepata kuhudhuria arusi au mahafali katika ukumbi uliopambwa kwa taa za sakafuni. Taa hizi ni ndogo, kadiri ya sufuria ya chai, nazo huwekwa chini karibu na ukuta zikatazama juu. Ukuta mkavu usio na pambo lolote hupata rangi ya zambarau au ya kijani, kisha rangi hiyo hugeuka polepole ikawa nyingine, wala humwoni mtu akiigusa taa hata moja. Mwenye kuzigeuza ameketi mbali katika kona, ameshika kijidude chenye vitufe ambacho sote twakiita rimoti. Watu wengi huliona jambo hilo kuwa dogo. Mimi nami niliona hivyo, mpaka usiku mmoja rimoti iliponiaibisha mbele ya watu mia tatu.

Tulikuwa katika sherehe ya kuwaaga wanachuo waliomaliza masomo ya ualimu. Kijana aliyetukodisha taa kumi na mbili alikuwa amekwenda kula, akaniachia mimi rimoti yake. Katikati ya sherehe Mkuu wa chuo alituomba tusimame kimya kwa dakika moja, ili kumkumbuka mwalimu mwenzetu aliyefariki muhula ule. Taa zilikuwa zikicheza rangi zote za upinde wa mvua, rangi zisizofaa kwa msiba. Nikabonyeza kitufe cha rangi nyeupe. Taa kumi na moja zikatii. Ya kumi na mbili, iliyofunikwa na pindo la pazia pembeni mwa jukwaa, haikutii. Ikaendelea kucheza, nyekundu, samawati, manjano, juu ya picha ya marehemu iliyotundikwa ukutani. Nilibonyeza tena na tena, jasho likinitoka. Mwishowe mwanachuo mmoja alitambaa kwa magoti mpaka nyuma ya pazia, akaifunika taa ile kwa koti lake. Mjane wa marehemu alikuwa ameketi safu ya mbele.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma, kila nipatapo nafasi, habari za jinsi mkono wa binadamu ulivyoondoka katika taa zake. Ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na si yote ya furaha. Nakualika tuifuate pamoja.

Kwa karne nyingi hapakuwa na swali la kuamrisha taa kwa mbali. Aliyetaka mwanga aliukaribia moto kwa mkono wake, na aliyetaka giza aliupuliza kwa kinywa chake. Katika majumba ya michezo ya Ulaya, katika karne ya 17 na ya 18, palikuwa na watu walioajiriwa kwa kazi ya kukata tambi za mishumaa. Mchezo ukiwa unaendelea, mfalme wa hadithi akiwa analia juu ya jukwaa kwa kuondokewa na binti yake, mtu wa mishumaa alipita kando yake na mkasi, akakata utambi uliokuwa ukitoa moshi, akaenda zake. Watazamaji walikwisha kumzoea, wakamhesabu kama hayupo. Mwanga ulikuwa na mtumishi wake, na mtumishi huyo alionekana na kila mtu.

Gesi ndiyo iliyoanza kumwondoa mtumishi huyo machoni pa watu. Mwaka 1817 jumba la Drury Lane mjini London liliwasha jukwaa lake kwa gesi, na majumba mengine yakafuata. Gesi ilipita katika mabomba, na hatimaye mafundi walijifunza kuyakusanya mabomba yote mahali pamoja, pembeni mwa jukwaa, penye safu ya bilula. Mtu mmoja aliyesimama hapo aliweza kupunguza mwanga wa jukwaa na wa ukumbi mzima kwa kuzungusha mkono, bila ya kuikaribia taa hata moja. Wala hakuonekana na watazamaji. Kwa mara ya kwanza usiku na mchana wa jukwaani vilitii mkono mmoja. Waandishi wa michezo walifurahi, maana sasa waliweza kuandika machweo na mapambazuko, na watazamaji wakayaona.

Lakini mkono mmoja ukiweza kuwasha taa zote, huweza pia kuzizima zote. Tarehe 8 Desemba 1881, katika jumba lililoitwa Ringtheater mjini Vienna, watu walikuwa wameketi wakingoja mchezo uanze. Taa za gesi za juu ya jukwaa zilipokuwa zikiwashwa, moto ulishika mapambo, ukapanda. Gesi ikafungwa. Hilo lilikuwa jambo la busara kwa mtu aliyeufikiria moto peke yake. Lakini gesi ilikuwa ndiyo taa ya jengo zima, na mara ile ngazi na vijia vyote vikaingia giza. Fikiri, msomaji, kuwa katika ghorofa ya juu ya jengo usilolijua, moshi unakufuata, nawe hulioni hata vidato vya ngazi. Watu zaidi ya 300 walikufa usiku ule, wengine karibu kabisa na milango ambayo wangeiona kama pangekuwa na mshumaa mmoja.

Siku 20 tu baada ya msiba huo, tarehe 28 Desemba 1881, Richard D'Oyly Carte, mwenye jumba la Savoy mjini London, alipanda jukwaani ameshika taa ya umeme inayowaka. Akaivunja mbele ya watazamaji wote, ili waone kwa macho yao kwamba haikuwasha chochote. Jumba lake lilikuwa na taa zipatazo 1,200 za namna iliyobuniwa na Joseph Swan, nalo huhesabiwa kuwa jengo la kwanza la umma kuwashwa lote kwa umeme. Watazamaji walishangilia. Nadhani hata sisi tungeshangilia, kwa sababu habari za Vienna zilikuwa bado zi mbichi katika magazeti.

Umeme, basi, uliuondoa mwali. Haukuondoa uzi. Kila taa ilifungwa kwa waya, na kila waya ulikwenda mpaka kwa mtu aliyesimama penye swichi. Mkono uliweza kuwa mbali kadiri ya urefu wa waya wake, wala si zaidi. Ili uzi nao ukatike ilitakiwa elimu mpya kabisa, na elimu hiyo haikutoka katika majumba ya michezo, bali katika chumba cha majaribio cha mwalimu mmoja wa Kijerumani.

Mwalimu huyo aliitwa Heinrich Hertz. Kati ya mwaka 1886 na 1888 alithibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, na kwamba mawimbi hayo huweza kuamsha cheche ndogo katika duara la waya lililowekwa mbali, ingawa hapana kitu kinachoviunganisha. Alikufa mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 36, kabla ya kuona matumizi ya alichokigundua. Wazee wetu waliuita uvumbuzi uliozaliwa na kazi yake simu ya upepo. Ni jina zuri, ingawa mawimbi hayo hayahitaji upepo wala hewa, hupita hata mahali patupu kati ya nyota. Mwaka 1890 Mfaransa Édouard Branly aligundua njia rahisi ya kuyanasa. Alijaza chembe za chuma katika kijibomba cha kioo. Chembe hizo zikilala ovyo hazipitishi umeme vizuri. Mawimbi yakizifikia hushikamana na kuupitisha. Ukikitikisa kijibomba hulegea tena. Kwa hiyo kijibomba hiki kilikuwa kama mlinzi wa mlango asiyejua maneno mengi. Alijua mawili tu: fungua na funga.

Sasa twafika kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye babu wa rimoti yako. Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 na wazazi Waserbia, katika kijiji ambacho leo kimo katika nchi ya Kroatia, akahamia Marekani mwaka 1884. Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme yaliyofanywa katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, aliweka mashua ndogo ya chuma katika birika kubwa la maji. Mashua ilikuwa na urefu wa futi nne hivi, na ndani yake mlikuwa na betri, mashine ya kuzungusha rafadha, na usukani. Juu yake ziliwekwa taa ndogo. Tesla alisimama kando, hakuishika kwa kamba wala kwa waya, akaiamuru iende, igeuke, isimame, na iwashe taa zake. Ikatii.

Ukitaka kujua ilitii vipi, utaona kwamba hila yake ilikuwa nyepesi. Kila wimbi lililofika liliamsha kinasio mfano wa kile cha Branly, na kila kinasio kilipoamka, gurudumu dogo ndani ya mashua lilisogea hatua moja. Hatua hii rafadha yazunguka. Hatua ile usukani wageuka. Hatua nyingine taa zawaka. Mwenye kuamrisha alihesabu tu hatua alizotaka. Mashua haikuelewa lugha yoyote. Ilijua kusogea hatua moja. Lakini watazamaji hawakuambiwa hayo. Yasimuliwa kwamba baadhi yao walidhani mna nyani aliyefunzwa ndani ya mashua, na wengine wakasema ni uchawi wa fikira. Yasimuliwa pia kwamba Tesla aliwaalika waiulize mashua maswali, na mmoja akauliza kipeuo cha tatu cha 64. Taa za mashua zikakonyeza mara nne. Tesla mwenyewe, bila shaka, ndiye aliyefanya hesabu.

Tarehe 8 Novemba 1898 alipewa hati ya uvumbuzi huo, nambari 613,809. Aliwaza zaidi vita kuliko sherehe, akitumaini kwamba chombo kiendacho bila ya mtu ndani yake kingewatisha wafalme wasipigane. Historia haikumkubalia tumaini hilo. Lakini katika kuwaza vita aliona hatari moja ambayo hata mpambaji wa arusi wa leo aijua: ikiwa chombo changu husikia mawimbi, adui yangu naye hushindwaje kukiamuru? Kwa hiyo alibuni njia ya kukifanya chombo kisikie tu yanapofika mawimbi ya namna mbili au zaidi kwa pamoja, kama kufuli ihitajiyo funguo mbili, na mwaka 1903 akapata hati za uvumbuzi huo pia. Leo kumbi mbili zikiwa jirani, kila moja na arusi yake na taa zake za mawimbi, fundi hana budi kuzipa taa zake mkondo wake peke yake. Asipofanya hivyo, bibi arusi wa kwanza akitaka waridi, wa pili naye atapata waridi bila ya kuomba.

Baada ya Tesla jambo likatoka katika birika la maji likavuka bahari. Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1874, alikuwa amepata kupeleka alama ya simu ya upepo kutoka Uingereza mpaka Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, mwaka 1901. Alipokuwa mtu mzima mwenye sifa duniani kote, aliombwa kufanya mambo ambayo hayakuwa na faida nyingine ila kustaajabisha. Tarehe 26 Machi 1930, akiwa ndani ya meli yake Elettra katika bandari ya Genoa, alibonyeza kitufe, na taa karibu 3,000 zikawaka katika jumba la halmashauri ya mji wa Sydney, Australia, palipokuwa na maonyesho ya umeme na redio. Kutoka Genoa mpaka Sydney ni kilomita zipatazo 16,000. Hata ukiyahesabu mambo yote ya leo, sijui kama yuko mpambaji wa ukumbi aliyepata kuwasha taa za sherehe kutoka mbali zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata aliombwa tena, na hapa nataka tutue kidogo. Juu ya mlima Corcovado, mjini Rio de Janeiro katika Brazil, palikuwa pamejengwa sanamu ya Kristo Mkombozi, yenye kimo cha mita 30, mikono yake imenyooshwa kama mita 28 kutoka ncha mpaka ncha. Mlima wenyewe una mita 700 na zaidi juu ya bahari. Sanamu ilikuwa izinduliwe tarehe 12 Oktoba 1931, na usiku uingiapo imulikwe kwa taa kubwa. Ulikuwa ni upambaji uleule wa taa za sakafuni, ila ukuta wake ulikuwa mlima na ukumbi wake mji mzima. Ikapangwa kwamba Marconi, akiwa Italia, umbali wa kilomita zipatazo 9,200, ndiye atakayeziwasha kwa mawimbi ya redio.

Siku ikafika. Watu wa Rio walitazama juu mlimani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu wengine wangali wanasimulia kwamba Marconi aliziwasha, maana hadithi hiyo ni tamu. Lakini habari inayokubaliwa zaidi ni kwamba mawimbi hayakuweza kufanya kazi yake usiku ule, na taa ziliwashwa papo hapo Rio, kwa mkono. Sanamu ikang'aa. Mji ukashangilia, wala shangwe haikupungua. Jina la Marconi ndilo lisimuliwalo katika habari hiyo mpaka leo. La fundi aliyegeuza swichi halisimuliwi.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwanachuo wangu aliyetambaa nyuma ya pazia. Kama waliopanga sherehe ya Rio wangeiamini mashine peke yake, wasimweke mtu karibu na taa, mji mzima ungetazama mlima wenye giza. Walimweka. Sijui kama lilikuwa wazo la mkubwa fulani au ni desturi tu ya mafundi, lakini nalihesabu kuwa tendo la akili kuliko kile kitufe cha Italia.

Wamarekani nao hawakutaka kupitwa. Mji wa Chicago ulipofungua maonyesho yake makubwa tarehe 27 Mei 1933, taa ziliwashwa na nyota. Mji huo ulikuwa umefanya maonyesho mengine mwaka 1893, na wanaelimu wa nyota wa wakati ule walikadiria kwamba mwanga wa nyota Arcturus huchukua miaka 40 kufika kwetu. Kwa hesabu yao, mwanga ulioondoka huko siku za maonyesho ya kwanza ulikuwa sasa ukiwasili. Wazo hilo hunasibishwa na Edwin Frost, aliyekuwa mkuu wa mahali pa kutazamia nyota paitwapo Yerkes, mzee ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Darubini ilikusanya mwanga wa Arcturus, ikauangusha juu ya seli igeuzayo mwanga kuwa umeme; umeme huo hafifu ukakuzwa, ukapelekwa kwa waya mpaka Chicago, na taa zikawaka. Darubini zaidi ya moja zilielekezwa kwenye nyota hiyo, maana wingu moja lingetosha kuharibu mambo. Leo twajua kwamba umbali wenyewe ni kama miaka 37 ya mwendo wa mwanga, si 40. Ukitoka nje usiku wa Juni, yapata saa tatu, tazama juu kabisa upande wa kaskazini: ndiyo ile yenye rangi ya chungwa.

Yote haya yalikuwa maajabu ya siku moja. Kilichoileta rimoti mkononi mwa kila mtu ni televisheni, na uvivu. Katika mji uleule wa Chicago palikuwa na kampuni iitwayo Zenith, na mwaka 1950 ilianza kuuza kidude cha kubadilisha stesheni kilichofungwa kwa waya mrefu. Watu wakajikwaa kwa waya huo sebuleni mwao. Mwaka 1955 Eugene Polley, mhandisi wa kampuni hiyo, akabuni mfano wa tochi ambayo mwanga wake ulipiga pembe za televisheni; kila pembe ilikuwa na seli yake na kazi yake. Kilikuwa chombo kizuri mpaka jua lilipoingia dirishani, kwani jua nalo ni mwanga, na televisheni ilibadilika stesheni bila ya kuambiwa na mtu. Mwaka 1956 mwenzake Robert Adler, mzaliwa wa Vienna, akauacha mwanga akatumia sauti. Katika kidude chake kila kitufe kilikuwa na nyundo ndogo iliyogonga ufito wa alumini, ukalia sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu. Hakikuhitaji betri hata moja. Lakini mlio wa funguo zinazogongana nao ulikuwa na sauti ya namna hiyo ndani yake, basi baba aliyeingia nyumbani akitikisa funguo zake aliweza kuikatiza taarifa ya habari.

Waona, msomaji, kwamba kila njia ilikuwa na masikio yake na uziwi wake. Sauti ya Adler ilidumu kwa miaka 25 hivi, kisha, tangu miaka ya 1980, nafasi yake ikachukuliwa na mwanga wa namna nyingine, ule ulio chini ya wekundu, ambao jicho letu halina uwezo wa kuuona. Rimoti nyingi za televisheni, na za taa za sakafuni zilizo rahisi, hutumia mwanga huo mpaka leo. Huukonyeza upesi sana, aghalabu kwa mapigo yapatayo 38,000 kwa sekunde, ili usichanganyike na mwanga wa jua au wa taa nyingine. Ukitaka kuuona, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu kisha ubonyeze kitufe. Katika simu nyingi utaona nukta ya rangi ya zambarau ikimeta kiooni, ilhali jicho lako halioni kitu.

Na hapo ndipo nilipoyaelewa makosa yangu. Mwanga usioonekana ungali ni mwanga. Haupiti katika mbao, wala katika mgongo wa mtu, wala katika pindo la pazia zito. Taa ile ya kumi na mbili haikuwa mbovu wala kaidi. Haikuniona. Ningetembea hatua sita kuelekea jukwaani nikaelekeza rimoti upande wake, ingetii mara moja. Lakini nilisimama mahali pamoja nikibonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu ya kidole huongeza kitu.

Yabaki kueleza jinsi taa zenyewe zilivyopata rangi zao. Zamani fundi aliyetaka ukuta wa samawati aliweka karatasi ya samawati inayopitisha mwanga mbele ya taa, na alipotaka nyekundu alikwenda kuibadilisha kwa mkono. Taa za LED ndizo zilizomwondolea safari hiyo. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962. Ya kijani ikafuata. Lakini ya samawati ing'aayo vizuri iliwashinda wataalamu mpaka miaka ya 1990, ilipopatikana kwa juhudi za Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mwenye nyekundu, kijani na samawati ana rangi zote, kama mpishi mwenye chumvi, ndimu na pilipili. Kila moja ya rangi hizo tatu ikipewa daraja 256 za ukali, michanganyiko hufika 16,777,216.

Lugha ya kuziambia taa daraja hizo ilitungwa mwaka 1986 na taasisi ya Marekani ya ufundi wa majukwaa, nayo huitwa DMX512. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na vyombo vya kampuni mbili havikusikizana. Katika lugha hii waya mmoja hubeba namba 512, kila namba ikiwa na daraja kutoka 0 mpaka 255, na kila taa huambiwa isikilize namba zipi. Taa yenye rangi tatu hula namba tatu, kwa hiyo waya mmoja waweza kuamrisha taa 170. Leo namba hizohizo hupelekwa pia kwa mawimbi ya redio, nayo hupita katika pazia na katika migongo ya wageni. Mjukuu amerudi kwa babu yake Tesla.

Jambo moja katika lugha hiyo lanipendeza kuliko mengine. Walioitunga walijua kwamba haina njia ya kuhakikisha kama amri imefika sawasawa. Kwa taa hilo si neno, maana amri hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde, na kosa moja hufutwa na amri ifuatayo kabla jicho halijatambua. Lakini yakatolewa maonyo kwamba isitumiwe kulipua fataki wala kuendesha vitu vizito vinavyoning'inia juu ya vichwa vya watu. Taa ikikosea, ukuta huwa kijani badala ya nyeupe. Chuma kikikosea, mtu hufa. Nadhani watu wa Vienna wangelielewa onyo hilo upesi kuliko sisi.

Mwaka uliofuata tulikodi tena taa kwa kijana yuleyule. Safari hii zilikuwa za mawimbi ya redio. Alinikabidhi rimoti kwa hiari yake, labda kwa huruma, na ulipofika wakati wa dua nilibonyeza kitufe cha rangi nyeupe. Taa zote kumi na mbili zikatii, hata ya nyuma ya pazia. Baada ya sherehe nilikwenda kuitazama taa ile, nikamkuta mtoto wa kiume ameketi juu ya kigoda gizani, karibu na swichi, amepakata sahani ya pilau. Alikuwa mdogo wake mwenye taa. Nikamwuliza kaka yake mtoto huyu ana kazi gani hapa, hali taa zote zimetii.

"Hana kazi, Mwalimu," akanijibu. "Anangoja."